Maandalizi yote yalisubiri wiki ya 38, mtoto akaja wiki ya 35: uchambuzi wa kisa kimoja

Kwanza tuelewane

Kisa hiki ni cha kweli na mwenyewe karuhusu kiandikwe. Mimi ni mkunga, sikumzalisha mimi huyu mama ila nilikaa naye baadaye pamoja na mumewe, wifi yake na mama yake mzazi, tukapitia kadi ya kliniki na karatasi za hospitali mstari kwa mstari. Majina nimetoa, kazi yake nimeibadilisha kidogo, mahali sitaji. Wiki za ujauzito na vipimo nimeviacha kama vilivyo maana bila hivyo kisa hakina maana. Nitamwita Mama Kijacho tu.

Hali ilivyokuwa

Mimba ya kwanza, umri thelathini na kidogo, afya nzuri, kazi ya ofisini ya mahesabu. Mume anafanya kazi mji mwingine na anarudi nyumbani kwa mafungu. Wifi yake, dada wa mume, anakaa karibu na hao wawili wanaelewana sana, kitu ambacho kwenye kisa hiki kilikuja kusaidia kuliko chochote kilichonunuliwa.

Maisha yake ya kila siku ni yale yale ya wajawazito wengi. Anaamka usiku kukojoa mara tatu nne, asubuhi anafika kazini kachoka kabla hata hajaanza, mchana miguu imevimba anaiweka juu ya boksi chini ya meza, jioni kiungulia, usiku anatafuta namna ya kulala upande na mito mitatu. Katikati ya hayo yote anapanga. Na huyu mama ni mtu wa kupanga haswa, ana faili kwenye kompyuta lenye safu za vitu vya kununua, tarehe, nani analipa.

Sasa angalia faili lenyewe lilivyopangwa. Tarehe ya makadirio ya kujifungua iko juu kabisa kwa wino mnene, halafu kila kitu kinahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo. Chumba cha mtoto kipakwe rangi wiki ya 34. Begi la hospitali lifungwe wiki ya 37. Mama mzazi awasili wiki ya 38, tiketi imeshakatwa. Mume aanze likizo wiki ya 39. Kazini akabidhi majukumu mwisho wa wiki ya 36. Ni mpango mzuri kwa kweli, umepangika, ila wote umening'inia kwenye tarehe moja.

Na ile tarehe ni hesabu tu, siku 280 toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Watoto wanaozaliwa siku hiyo hiyo iliyoandikwa ni takriban mmoja kati ya 20. Wengine wote wanakuja kabla au baada, na kuanzia wiki ya 37 mtoto anahesabika katimia. Lakini ikishaandikwa kwenye kadi watu tunaichukulia kama tarehe ya harusi.

Mambo yalivyokwenda

Kliniki alianza wiki ya 14. Walimuuliza maswali ya kawaida, ikiwemo "kuna mtu kwenye familia ana presha?" akajibu hapana. Likumbuke hilo jibu tutalirudia.

Wiki ya 20, 26 na 30 alihudhuria, kila kitu sawa. Presha wiki ya 30 ilisomeka 116/72, mkojo safi.

Wiki ya 28 kuna jioni moja wifi alimkalisha chini na karatasi. Wifi alishawahi kumsindikiza rafiki yake usiku na ikawa fujo tupu, hakuna anayejua kadi iko wapi, dereva hapokei, kila mtu anampigia mwenzake kuuliza "tufanyeje". Kwa hiyo akasisitiza waandike: hospitali gani inapokea wajawazito usiku, nani ana gari na nani wa akiba kama huyo hapatikani, kundi la damu, nani anaweza kutoa damu, kadi inakaa droo gani, pesa ya dharura iko wapi. Nyuma ya karatasi wakanakili dalili za hatari toka kwenye kadi ya kliniki. Mume akiwa kwenye simu akaongeza kitu kimoja, kwamba wifi akisema twendeni basi mnaondoka, msisubiri mpaka mimi nipatikane. Mama Kijacho anasema aliona kama wanakuza jambo ila akakubali kumridhisha wifi. Karatasi ikabandikwa nyuma ya mlango wa jikoni.

Wiki ya 34 alikuwa na miadi ya kliniki akaiahirisha. Kisa? Kufunga hesabu za mwezi kazini, na fundi rangi alikuwa anakuja siku hiyo hiyo. Akajiambia si nipo vizuri tu, mtoto anacheza, nitaiunganisha na ya wiki ya 36.

Wiki ya 35, Alhamisi jioni, kichwa kikaanza kuuma. Akameza panadol akalala. Ijumaa kikawa bado kipo, akaenda kazini hivyo hivyo kwa sababu kilikuwa ni kichwa tu na siku mbili alikuwa anakodolea skrini. Ijumaa usiku maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, akasema kiungulia kimehamia huku, akanywa dawa ya kiungulia haikusaidia. Jumamosi asubuhi akaanza kuona vimulimuli pembeni ya macho. Hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini akanijibu "nilijua nikisema wataanza kunilaza kitandani na nguo za mtoto hazijafuliwa zote".

Jumamosi mchana wifi akaja kusaidia kukunja nguo. Alichokiona mlangoni ni uso, umejaa, macho yamekuwa madogo. Akamuuliza pete yako iko wapi, akaambiwa toka juzi haiingii. Kichwa? Kinauma toka Alhamisi. Unaona vizuri? Kimya kidogo, halafu "naona kama nyota nyota".

Wifi hakubishana, akaenda nyuma ya mlango wa jikoni.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Mama Kijacho alitaka watafute kwanza mashine ya presha kwa jirani, wapime, ikiwa juu ndo waende. Wifi akakataa. Sababu yake ilikuwa rahisi tu, hizo dalili tatu zote zipo kwenye karatasi na karatasi haisemi upime kwanza inasema nenda. Hapo nampa wifi heko kabisa. Mashine ya nyumbani ikisoma vibaya, au mkanda ukifungwa ovyo, inakupa namba ya kukutuliza wakati mwili unapiga kelele. Mjamzito aliyevuka wiki 20 mwenye kichwa kisichosikia dawa, macho yanayoona maluweluwe na maumivu chini ya mbavu anaenda hospitali, iwe ana mashine au hana.

Mume alipigiwa wakiwa tayari njiani. Alikuwa kazini, alipokea baadae sana. Kama wangemsubiri atoe ruhusa wangekaa sebuleni muda wote huo.

Hospitali presha 168/112, protini kwenye mkojo nyingi, vipimo vya damu vikaonyesha ini limeanza kulalamika kidogo na chembe za kugandisha damu zimeshuka. Hii ndo priklampsia, hatua ya kabla ya kifafa cha mimba. Kwa kawaida inahesabika kuanzia presha ya 140/90 baada ya wiki ya 20 ikiambatana na protini kwenye mkojo au kiungo kingine kuathirika. Ikifika 160/110 ni kali na haisubiri kesho.

Wakampa dawa ya kushusha presha na wakaanza magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Familia iliogopa sana hiyo dawa maana inaunguza mwili mzima kama moto na mama alikuwa analalamika, mama mzazi kwenye simu akawa anasema watoe hiyo dripu. Haikutolewa. Ni dawa yenye ushahidi mkubwa, utafiti wa Magpie uliotoka mwaka 2002 ulihusisha wanawake zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33 na ukaonyesha inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu.

Uamuzi mgumu ulikuwa mtoto azaliwe sasa au asubiriwe. Kwa hali hiyo kali, wiki zikishapita 34, kusubiri kunamweka mama kwenye hatari kubwa na faida anayopata mtoto ni ndogo, maana ugonjwa wenyewe chanzo chake ni kondo la nyuma na hauanzi kuisha mpaka kondo litoke. Presha ilipotulia wakamwanzishia uchungu Jumamosi usiku.

Matokeo

Mtoto alizaliwa Jumapili jioni kwa njia ya kawaida, kilo 2.2, alilia mwenyewe. Wiki 35 na siku 4.

Mama alibaki kwenye magnesiamu saa 24 baada ya kujifungua, dhaifu, ana mpira wa mkojo, mtoto hawezi kumshika vizuri. Wifi ndo akamweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi mpaka mume alipofika Jumatatu akapokezana naye. Mtoto wa wiki 35 ukimwona unamwona kama mtoto yeyote mdogo mdogo tu, lakini hana nguvu ya kunyonya, ananyonya mara tano analala. Manesi wakamsaidia mama kukamua kwa mkono yale maziwa ya kwanza ya njano, wakampa mtoto kwa kikombe kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, wanamwamsha. Siku ya 4 akapata manjano, akawekwa chini ya taa.

Mama naye siku ya 3 alijisikia vizuri akataka kwenda nyumbani. Daktari akagoma. Siku ya 5 presha ikapanda tena 156/100. Waliruhusiwa wote wawili siku ya 8, mama na dawa za presha.

Nyumbani sasa ndo wakaonja matunda ya lile faili. Begi halikuwa limefungwa hivyo wifi alikuwa analeta vitu kimoja kimoja kwa simu za "kaleta khanga, kaleta nepi". Nguo za mtoto zote kubwa, kofia inamfunika mpaka mdomoni. Tiketi ya mama mzazi ikabadilishwa kwa gharama. Likizo ya mume ikaanzia hospitali, kwa hiyo ikaisha mtoto akiwa bado hajafika hata tarehe yake ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye kadi. Chumba kimepakwa rangi kizuri ajabu, mtoto alilala kifuani kwa watu wiki nzima za mwanzo hakukitumia.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Karatasi ya nyuma ya mlango. Nasema hivi nikijua kuna watu wataona ni kitu kidogo. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine waliandika kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Maandalizi mengi ya nyumbani, yaani vitanda, nguo, rangi, hayagusi hata aina moja. Karatasi iligusa mbili za kwanza. Gari lilijulikana, hospitali ilijulikana, kadi ilikuwa kwenye droo iliyoandikwa.

Ila kilichonivutia zaidi ni ile sentensi ya mume. Nimeona familia zenye gari mlangoni na pesa mezani na bado mgonjwa amekaa kwa sababu mwenye kauli ya mwisho simu yake haipatikani, na hakuna anayetaka kuja kuulizwa "nani aliwatuma". Kumkabidhi mtu mwingine kauli mapema, tena mbele ya mjamzito mwenyewe, hakugharimu kitu. Na angalia pia kwamba yule mgonjwa mwenyewe ndo alikuwa anavuta muda. Mtu akiwa na kichwa kikali na uchovu wa wiki 35 sio wa kumwachia peke yake aamue kama anaumwa.

Halafu karatasi iliandikwa wiki ya 28, haikusubiri tarehe yoyote. Ndani ya maandalizi yote ya hii nyumba ni hicho tu ambacho hakikufungwa kwenye tarehe ya makadirio, na ndicho kilichokuwa tayari.

Uchambuzi: kilichokwama

Miadi ya wiki ya 34. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani tangu 2016 ni mahudhurio yasiyopungua 8, yanapangwa wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukiitazama unaona mwishoni yanabanana, na yanabanana kwa sababu. Presha ya mimba ikipanda haiumi. Unaweza kuwa na 150/100 na unapaka rangi ukuta huku unaimba. Ule mwezi na zaidi kutoka wiki ya 30 hadi ya 35 hakuna aliyemfunga mkanda mkononi hata mara moja. Siwezi kusema wiki ya 34 wangeikuta, huenda ilikuwa bado haijaanza. Ila hoja yake ya kuahirisha, "nipo vizuri", ndo hoja isiyofaa kabisa kwa ugonjwa huu.

Dalili zilijificha ndani ya maisha ya kawaida. Hapa simlaumu hata kidogo. Miguu ya wajawazito inavimba, vichwa vinauma, kiungulia kipo. Kinachotofautisha ni uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa ambacho dawa haikigusi, macho, na maumivu ya juu ya tumbo ambayo dawa ya kiungulia haiyatulizi. Kimoja kinatosha kwenda kupima, na kuunganika kwake ndo kengele kubwa. Mama Kijacho alikuwa anaviona kimoja kimoja kwa siku tofauti, kila kimoja akakipa sababu yake: skrini, chakula, joto. Wifi aliviona vyote kwa pamoja kwa dakika tano kwa sababu alitoka nje akavikuta.

Sasa lile swali la kliniki. Siku ya 3 hospitalini mama mzazi kafika, anamtazama binti yake anasema, "na mimi nilikuwa hivi hivi kwenye mimba yako, nilivimba mpaka macho, wakanilaza". Watu wote wakageuka. Binti hakuwahi kuambiwa. Swali lilikuwa "kuna mtu ana presha", na kwa anavyojua yeye mama yake hana presha, ile ya mimba iliisha baada ya kuzaa na haikuzungumzwa tena. Lingeulizwa "mama yako au dada yako aliwahi kupata presha au kuvimba sana au kifafa akiwa mjamzito" angeweza angalau kumpigia simu akauliza. Na jibu lingebadilisha kitu: mimba ya kwanza pamoja na mama aliyewahi kuipata ni vigezo viwili ambavyo kwa miongozo kadhaa vinatosha kufikiriwa aspirini ya dozi ndogo kila siku, inayoanzwa kwa ushauri wa daktari kuanzia wiki ya 12 au muda mfupi baada ya hapo. Inapunguza hatari, haiondoi. Kwa wanaosoma hapa wakiwa wajawazito, mpigieni mama leo, muulizeni mimba zake zilikwendaje, zote.

Cha kuongezea, nilimshauri mama mzazi naye apimwe, maana waliowahi kupata priklampsia wana hatari kubwa zaidi ya presha na magonjwa ya moyo miaka ya mbele. Alikuwa hajapima miaka. Ilikuwa juu.

Kuna na lawama ambazo hazikustahili. Ndugu walisema ni chumvi, wengine wakasema ni kazi, angekaa nyumbani alale. Kupunguza chumvi hakuzuii priklampsia, na kulala kitandani hakujaonyeshwa kuizuia vilevile, Shirika la Afya Duniani halipendekezi hata kimoja kwa lengo hilo. Kumbebesha mama mgonjwa hatia ya chumvi ni kumwongezea mzigo bure. Kazi ilimkosesha miadi ya kliniki, hilo ndo kosa lake na lingeweza kutatuliwa kwa ruhusa ya nusu siku.

Mwisho kuna lile jambo la siku ya 3. Watu wengi wanadhani mtoto akishatoka hatari imeisha. Presha mara nyingi inapanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, na kifafa kinaweza kutokea baada ya kujifungua, hasa saa 48 za mwanzo lakini hata wiki kadhaa mbele. Angeruhusiwa siku ya 3 ile 156/100 ingemkuta nyumbani, usiku, na mtoto wa kuamshwa kila saa mbili. Karatasi ya nyuma ya mlango ilikuwa na dalili za mjamzito tu, upande wa mzazi haukuandikwa, na huo ni upungufu wake pekee ninaouona.

Walipo sasa

Wiki ya 6 presha ya mama ilikuwa 122/78 bila dawa. Mtoto ananyonya mwenyewe, kaongezeka vizuri, kofia zimeanza kumtosha. Kwenye kumbukumbu zake imeandikwa kwamba mimba ijayo aanze kliniki mapema kabla ya wiki ya 12 na azungumzie aspirini, na presha apime kila mwaka hata kama hana mimba. Lile faili la kompyuta limebadilishwa pia, safu ya tarehe imefutwa, begi limeandikwa "wiki ya 30 liwe mlangoni". Mama mzazi yeye kashatangaza kwamba mimba ijayo anakuja wiki ya 28 na haondoki, hilo watajuana wenyewe na mkwe wake.